Mzee Pasi Anamuaga Msimamizi Aliyemzaa Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, zamu ya asubuhi itakapokwisha, Mzee Pasi atavua aproni yake na kuondoka katika kiwanda chetu cha kufulia nguo baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Miaka yote hiyo hajawahi kuchelewa kazini ila mara moja, na siku hiyo lifti ya jengo lao ilikwama yeye akiwa ndani. Mafundi walipomtoa, shati lake lilikuwa halina kunyanzi hata moja. Mafundi wenyewe walikuja wamelowa jasho, wakamuuliza ananunua wapi nguo zake.

Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na namjua kuliko anavyojijua. Pili, kalamu yangu inasifika. Shule niliiacha mapema, na nasikia mpaka leo shule haijapona. Bosi alisema niandike kwanza kwa lugha yetu, maana nusu ya zamu ndiyo tunayoongea, halafu wataigeuza iwe lugha ya hapa. Watakaoigeuza nawaombea nguvu.

Kule tulikotoka, kabla vita havijatutoa mbio, kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Suruali aliyoipiga pasi yeye, mkunjo wake ungeweza kukatia nyanya. Mimi mwenyewe nilikatia. Vita vilipokuja, cherehani ilibaki, duka likabaki, tukakaa kambini miaka mingi tukisubiri jina letu lisomwe, na liliposomwa tukaletwa huku. Kaka alishuka kwenye ndege na mke, na binti mmoja tu, kifungua mimba ambaye ndiye huyo huyo kitinda mimba, na hakujua hata neno la kuombea maji.

Siku ya usaili hapa kiwandani alikuja na binti yake, wakati huo kasichana ka miaka kumi. Lugha ya hapa ilikuwa inaingia kichwani mwa mtoto kama maji kwenye mchanga, na kwetu sisi wakubwa ilikuwa inateleza kama maji kwenye jani la gimbi. Bosi aliuliza kama mzee huyu anajua kupiga pasi. Kaka alijibu kwa utaratibu wa kwetu. Alianza na salamu, akashukuru kupokewa, akaeleza babu yake alikuwa nani, akapita dukani, akasifu makaa mazuri ya pasi na kulaani makaa mabaya, akamaliza kwa kumwombea Bosi na wazazi wake. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Bosi, akasema, "Ndiyo." Kaka alishtuka. Maneno yote yale yamekuwa neno moja? Binti akamtuliza, "Baba, lugha yao ni fupi." Kazi akapata.

Tangu siku hiyo mtoto akawa mdomo wa nyumba. Kwenye zahanati alikuwa mdomo, shuleni mdomo, kwa mwenye nyumba mdomo. Wenzangu mliokuja kama sisi mnalijua jambo hili, na kama hamlijui basi watoto wenu wamewaficha. Baba anamgombeza mtoto asubuhi, na kabla ya mchana anamtafuta kwa sauti laini amsomee bango la mlangoni. Utaukasirikiaje mdomo wako mwenyewe, na bado unataka kula?

Binti naye hakuwa malaika. Siku moja alirudi kutoka shule akatangaza kwamba sheria ya nchi hii inakataza mtoto kuosha vyombo. Kaka yangu ni mtu wa kuheshimu serikali ya watu. Msimu mzima alikunja mikono ya shati akaosha sahani mwenyewe, tena akanionya nisimwambie mtoto yeyote abebe hata kijiko, tusije tukarudishwa kambini. Alikuja kushtuka siku alipomwona mtoto wa jirani anasugua sufuria kwenye varanda, na polisi anapita chini akimpungia mkono. Sheria ile ilifutwa jioni ile ile, bila bunge kukaa.

Lakini kulikuwa na siku zisizochekesha. Shemeji yangu alipougua, daktari alisema lazima apasuliwe, na aliyepaswa kulisema neno hilo kwa Kiswahili alikuwa mtoto wa darasa la sita. Nilikuwepo. Alilisema huku anaangalia viatu vyake. Kaka alitaka kuwaka, lakini utamwakia nani? Neno lilikuwa la daktari, sauti ilikuwa ya mwanawe. Akamshika bega tu, akamwambia, "Haya, mwambie tumesikia." Shemeji alipona, na leo ana nguvu kunizidi, mimi ambaye naweza kunyanyua toroli la mashuka mabichi kwa mkono mmoja.

Kazini Mzee Pasi alipanda haraka. Alianza kwenye kuchambua nguo, akapelekwa kwenye makoti ya madaktari, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Koti alilolipiga pasi yeye lilikuwa linasimama lenyewe. Moja lilisimamishwa nyuma ya meza hospitalini, mgonjwa akaingia, akalieleza maumivu yake ya mgongo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akashukuru na kuondoka. Nasikia amepona. Baadaye kaka akakabidhiwa mashine kubwa ya kunyoosha mashuka, ile yenye magogo mawili ya chuma cha moto yanayozunguka, ambayo sisi tunaiita Bibi Harusi kwa sababu hushinda imefunikwa nguo nyeupe. Aliitawala Bibi Harusi kwa miaka mingi. Alijua inapokohoa na inaponuna. Wafanyakazi wote waliowahi kulisha shuka kwenye mashine ile aliwafundisha yeye, isipokuwa mimi, niliyezaliwa najua.

Wakati huo binti alikuwa anasoma. Akamaliza, akafanya kazi huku na huku, na siku moja Bosi akatukusanya kututambulisha msimamizi mpya wa zamu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtoto wetu na funguo kiunoni.

Watu walipiga makofi. Kaka alipiga makofi kuliko wote, uso umejaa nuru, halafu nikaona nuru ile inapungua kidogo kidogo kadiri hesabu ilivyokuwa inamwingia. Maana sisi tulivyolelewa, baba humtuma mtoto. Mtoto hamtumi baba. Hata kumwambia "nipe chumvi" kuna namna yake. Sasa huyu atamwambiaje baba yake atangulize mashuka ya hospitali? Na baba atatiije bila kuonekana ametumwa?

Dawa ilipatikana, na dawa ilikuwa mimi. Asubuhi ya kwanza binti alikuja mpaka tulipo, akamsalimia baba yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, halafu akanigeukia mimi: "Baba Mdogo, naomba umwambie Baba mashuka ya hospitali yatangulie." Kaka alikuwa amesimama umbali wa mkono. Nikamgeukia, nikamwambia, "Kaka, mashuka ya hospitali yatangulie." Akanijibu, "Mwambie nimesikia." Nikamgeukia binti, "Amesikia." Binti akasema asante Baba Mdogo, akaondoka. Kazi ikaenda.

Nilikuwa balozi kwa miaka kadhaa, na niseme ukweli, mataifa makubwa hayajapata balozi wa namna yangu. Sikuwa nabeba maneno makavu. Msimamizi akisema, "Mwambie Baba apunguze joto, vitambaa vya meza vinaungua," mimi nilikuwa namwambia kaka, "Mwanao anasema mkono wako una baraka nyingi mno, hata vitambaa havistahimili." Kaka akinuna na kusema, "Mwambie nilikuwa napiga pasi kabla hajazaliwa," mimi nilikuwa nampelekea binti, "Baba anasema atapunguza." Kiwanda hakikuwahi kuungua. Nani mwingine anaweza kudai hivyo?

Taabu ilikuwa siku nisipokuwepo. Siku moja jino lilinishika, nikaenda kuling'oa. Daktari wa meno alipoliona aliita wenzake waje wajifunze, kwa hiyo nilikaa huko mpaka mchana. Huku nyuma zamu ikaanza bila balozi. Mashuka yanakuja, joto limezidi, msimamizi anaona, baba yake yuko pale pale, na hakuna wa kumtuma. Binti alizunguka mashine, akafikiri, akaikabili Bibi Harusi ana kwa ana, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo Bibi Harusi." Kaka, macho yake yako darini, akaitikia, "Marahaba." Binti akaendelea, "Naona leo joto lako limepanda. Ingekuwa vizuri likashushwa kidogo." Swichi ikashuka kidogo. "Nashukuru," binti akaiambia mashine, akaenda zake.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mgeni, siku yake ya kwanza kazini, amewekwa upande wa pili wa mashine kupokea mashuka. Toka pale alipo hamwoni kaka, mashine imemficha. Alichoona ni msimamizi mzima na funguo zake anaiamkia mashine, na mashine inaitikia kwa sauti nzito ya kiume. Mama yule aliweka shuka chini, akatoka mpaka chumba cha huduma ya kwanza, akamwomba nesi ampime yeye kwanza, halafu aende akampime msimamizi. Niliporudi na shavu limevimba nilikuta watu wazima wamekaa sakafuni kwa kucheka. Mama yule bado tunaye, na mpaka leo akipita kwa Bibi Harusi asubuhi huinamisha kichwa kidogo. Anasema haigharimu kitu.

Baada ya hapo njia zikawa mbili. Nikiwepo, mimi. Nisipokuwepo, mashine. Tukadhani mambo yamekaa sawa.

Kisha macho ya kaka yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu. Alikuwa anafanya kazi kwa mazoea, mikono inajua njia yenyewe. Lakini mdomo wa Bibi Harusi haujui mazoea. Alasiri moja aliingiza shuka, akaupeleka mkono mbele kupita pale anapopaswa kuuachia, na magogo yakaukamata mkono wa shati. Kile chuma cha kuzuia, kinachosimamisha mashine mkono ukipita mpaka, kilishuka kwa wakati wake. Shati lilichanika mpaka kiwikoni. Kaka alilitazama, akasema mashati ya siku hizi ni ya karatasi, akaendelea na kazi. Binti yake alikuwa nyuma ya kioo cha ofisi yake. Aliona yote.

Alikuja kwangu wakati wa chai. Akasema, "Baba Mdogo, mwambie Baba aache ile mashine." Nikaelewa anachoomba. Mzee Pasi ukimtoa kwenye pasi anabaki mzee tu. Hapa nchini hakuna anayejua alikuwa na duka, hakuna anayejua babu yake alikuwa nani. Heshima yake yote aliyoijenga upya iko kati ya yale magogo mawili, na mkono wake nao uko hapo hapo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nabeba mashuka, nabeba vitambaa, nabeba na salamu. Hili sibebi. Nikilitia asali atalicheka, na kesho mkono utakwenda." Akaniuliza, "Sasa mtoto anamwambiaje baba yake aondoke?" Nikamjibu kwamba sijui, mimi sijapata kuzaa mtu mwenye funguo.

Akajaribu kwanza njia ya mashine. Alisimama mbele ya Bibi Harusi, akaiamkia, akasema, "Naona umefanya kazi miaka mingi. Labda wakati umefika upate mtu mwingine wa kukuhudumia." Kaka akaangalia dari, akajibu, "Bibi Harusi anasema hajachoka." Tulio karibu tuliuma midomo.

Binti hakucheka. Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu. Mashine iliyokuwa inanguruma tangu asubuhi ikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mkubwa hata watu wa kuchambua nguo, kule mwisho wa jengo, walikuja kuona nani amekufa. Akasimama mbele ya baba yake, akamtazama usoni. "Shikamoo Baba. Sasa hivi sisemi na mashine. Macho yako hayaoni tena mdomo wake, na mimi sitakaa nyuma ya kioo nikisubiri ukukate. Hapa hufanyi kazi tena kuanzia leo. Nenda meza ya kukunja. Ni mimi ninayesema."

Marahaba haikuja. Kaka alivua glavu kidole kimoja kimoja, akaziweka juu ya mashine, akavuka ukumbi mzima mpaka meza ya kukunja, mgongo umenyooka. Watu wakampisha. Alikunja mpaka zamu ikaisha, na mashuka aliyoyakunja siku ile ungeyakuta kwenye rafu ungedhani ni vitabu vya sheria.

Jioni nilikwenda kwake kula, ingawa sikualikwa. Nyumba inapokaribia kuwaka inahitaji mtu mwenye busara. Binti, ambaye alikuwa ameshaolewa na anakaa ghorofa ya chini yao, akapanda peke yake. Akasimama mlangoni, akatoa shikamoo. Kaka akatafuna, akameza, akanywa maji, ndipo akaitikia. Shemeji akavuta kiti, binti akakaa. Tukala kama watu tuliokutana kituo cha basi. Nilisimulia kisa changu cha mbwa aliyenifukuza mpaka akachoka akaniomba maji, na hakuna aliyecheka, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Kaka alipomaliza kula alinawa, akamgeukia binti yake. Akasema, "Tangu tufike hapa umeniletea maneno. Ya daktari, ya walimu, ya mwenye nyumba, ya Bosi. Ulikuwa mdogo, nikayapokea yote, nikakuonea huruma wewe uliyeyabeba. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniletea neno lako mwenyewe." Binti alikuwa anaangalia meza. Akauliza, "Limekuuma, Baba?" Kaka akasema, "Limeniuma sana. La daktari halikuniuma hivi." Akaongeza, "Na mkono huu bado nautaka."

Shemeji akaanza kulia, kisha akakana kwamba analia. Mimi macho yangu yaliwasha kwa sababu ya vitunguu. Kaka akamwambia binti yake jambo la mwisho, kwamba kitufe kile siku nyingine akibonyeze taratibu, mashine ni ya watu.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa hasara, kwa sababu ubalozi ulifungwa siku ile. Kesho yake walianza kusemezana wenyewe, na hawajanyamaza. Anamwambia, "Baba, kona hizi hazikulingana." Anamjibu, "Zimelingana, ni macho yako yamefanana na yangu." Binti anamwambia apumzike, baba anamwambia apumzike yeye. Wanabishana tangu toroli la kwanza mpaka la mwisho, sauti zinafika kwenye maegesho, na wenzetu wameniomba mara nyingi nirudi kazini kama balozi. Nimekataa. Balozi hapaswi kurudi pale amani ilipokwisha kuja.

Meza ya kukunja, iliyokuwa mahali pa kupelekea waliochoka, Mzee Pasi ameifanya chuo. Waliojifunza hapo wako sasa kwenye hoteli na hospitali za mji mzima, na wanakunja kona kwa namna ambayo ukiiona unajua mkono uliofundisha. Akina mama na akina baba wageni wanaoletwa hapa na watoto wao wa kuwasemea, yeye huwavuta kando. Humpa mtoto kiti akae, halafu huzungumza na mzazi mwenyewe, kwa ile lugha ya hapa aliyojifunza ukubwani, mbovu lakini haina aibu. Huwaambia watoto, "Leo wewe ni mgeni tu. Kaa, utazame baba yako anavyoongea." Nimewaona watoto hao wakikaa. Miguu haifiki chini, na uso unalegea kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Hata siku ya kustaafu hakusubiri kuambiwa. Alikwenda ofisini kwa msimamizi, akafunga mlango, wakazungumza wawili. Hatukusikia kitu, na nilikuwa nimeweka sikio vizuri. Walipotoka, binti alisema Baba ataondoka tarehe thelathini, Baba akasema ndiyo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hawakubishana.

Kuanzia Jumatatu atakaa nyumbani na mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu. Jumapili iliyopita nilikuwa pale. Mjukuu alimwambia, "Babu, kaa." Babu akakaa. Akamwambia, "Siyo hapo." Babu akahama. Hakukuwa na shikamoo, hakukuwa na mtu wa kati, hakukuwa hata na mashine. Nikamtazama kaka nione kama amekasirika. Alikuwa anasubiri aambiwe tena.

Kaka, kiwanda kizima kinakushukuru, walio kwenye moto na walio kwenye meza. Msimamizi anakushukuru kwa mdomo wake mwenyewe, na Ijumaa utamsikia. Tunakuombea siku nyingi za raha, Shemeji akiwa na afya, mikono yako yote miwili ikiwa mizima. Na ukiambiwa uhame kiti, hama.